Kutoka utepe wa Speke hadi kisu cha Rees

Novemba 1861 Mfalme Rumanyika wa Karagwe alimpokea Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile. Speke akaomba kumpima shemeji wa mfalme, mmoja wa wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa. Mama huyo hakukubali bure: Speke naye aliahidi kumwonyesha miguu na mikono yake mitupu. Kifua cha mama kikasoma futi 4 na inchi 4. Vipimo hivyo vilichapwa kitabuni mwaka 1863, vikasomwa Ulaya kama kioja.

Wakati Ulaya ikistaajabia kifua kikubwa, elimu ya kifua chenye kasoro ya kuzaliwa ilikuwa changa. Mwaka 1841 Alfred Poland, mwanafunzi wa udaktari jijini London, alipasua maiti ya mfungwa, akakuta upande mmoja wa kifua umekosa sehemu ya misuli na vidole vya mkono wa upande huo vimeungana. Aliandika, na jambo likalala hadi 1962, daktari mpasuaji Patrick Clarkson alipoipa hali hiyo jina la Poland. Msichana mwenye hali hiyo anaweza kuota titi moja tu. Mwaka huohuo wa 1962, Houston, Marekani, mwanamke wa kwanza aliwekewa matiti ya silikoni.

Historia hii inapita karibu nasi kuliko tunavyodhani. Archibald McIndoe, aliyetengeneza upya nyuso za marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa na shamba Tanganyika, chini ya Kilimanjaro. Yeye na wapasuaji wenzake, Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, ndio walioasisi huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1957, ambayo leo ni shirika la afya la Amref. Na ni Rees huyohuyo ambaye mwaka 1976, pamoja na Sherrell Aston, alieleza titi lenye kitako chembamba lisilotanuka, wakalifananisha na kiazi. Kasoro hiyo mtu huzaliwa nayo, ila huonekana anapobalehe. Daktari hukata ukanda unaolibana titi, huitandaza nyama yake, na pakihitajika huongeza silikoni.

Kwa hiyo anayeuita upasuaji huu wa kurekebisha matiti anasa ya matajiri hajui ulikotoka.

Kwa wenye kasoro kama hizo katika wilaya ya leo ya Karagwe, na ya Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, mlango wa kwanza unaweza kuwa hospitali ya Nyakahanga au ya Isingiro. Rufaa huweza kufika Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa 1971. Wazazi, msiharakishe kisu: kwa kawaida husubiriwa binti amalize kukua, yapata miaka 18. Lakini mama anayenyonyesha akivimba kwapani asidhani ni jipu tu. Huenda ni titi la ziada, masalia ya mstari wa maziwa unaojichora kwa mtoto tumboni katika wiki ya 6 hivi. Saratani inaweza kuota hata hapo, basi akapimwe.