Kumngoja Mtoto wa Ng'ambo

Wazee wetu walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Maneno hayo aghalabu huambiwa wazazi wazembe, lakini yana maana nyingine pia: mlezi aweza kuwa mtu asiyezaa kabisa, au mtu aliyezaa wengi na bado akamfungulia mlango mmoja zaidi. Katika insha hii nataka tuitazame kazi ya kulea mahali pamoja tu, Lunga Lunga, mji mdogo wa Kwale ulio karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, katika barabara itokayo Mombasa kwenda Tanga. Mahali hapo mtoto wa dada aweza kuwa mtoto wa nchi nyingine, na jambo la ukoo laweza kuwa jambo la mataifa mawili. Nyumba inayomngoja mtoto wa namna hiyo inangoja nini hasa, na kwa nini ingojeshwe?

Tuichukue nyumba moja kwa mfano. Si nyumba ya mtu maalumu. Ni nyumba ambayo msomaji wa pwani ya kusini ataitambua. Ndani yake yumo bibi mzee, mwanawe wa kiume na mkewe, watoto wao saba, na mjukuu mmoja aliyeletwa ili asome karibu na shule. Bibi huyo alikuwa na binti aliyeolewa kijiji cha ng'ambo, kupita Horohoro. Binti amefariki dunia, na mumewe alikuwa amemtangulia. Ameachwa mtoto wa kike wa miaka mitano. Tangu siku ya matanga imekwisha kusemwa kwamba mtoto atakuja kwa mjomba wake. Lakini mwezi umepita, na wa pili, na mtoto hajaja.

Siku za nyumba hiyo huenda kama za nyumba nyingine. Alfajiri mtu mmoja huamka kuwasha moto, wakubwa huchukua madumu wakateke maji, wadogo hunywa chai na mihogo kabla ya kwenda shule, na alasiri huenda chuoni kusoma Kurani. Mjomba hushughulika na minazi na mikorosho yake. Usiku husongwa sima, na watoto hukaa kulizunguka sinia moja. Lakini tangu habari ile ifike, kila jambo limepata jambo la pili nyuma yake. Mkeka wa wasichana umepimwa upya ili kuona kama watatosha wanne. Gauni lililombana mmoja wao halikugawiwa jirani, bali limefuliwa na kukunjwa. Kitindamimba, aliyezoea kuwa mdogo wa wote, ameuliza mara nyingi kama mgeni atalala karibu na bibi, maana hapo ndipo mahali pake. Na mke wa mjomba, ambaye ndiye atakayepika, kufua na kuuguza, hufanya hesabu yake kimya kimya: unga wa watu kumi na mmoja sasa utakuwa wa watu kumi na wawili. Yeye hakukataa, lakini yafaa tukumbuke kwamba ukarimu wa ukoo mara nyingi hubebwa na mikono ya mwanamke mmoja.

Bibi mzee hukasirika. "Mwanangu," humwambia mjomba, "tangu lini mtu akaomba ruhusa kumchukua mtoto wa dada yake?" Swali lake si la ujinga. Ni swali la historia, nalo lastahili kujibiwa kwa historia.

Wadigo, ambao ni wenyeji wengi wa nchi hiyo, tangu kale walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mamaye, na mwenye amri juu yake alikuwa mjomba kuliko baba. Mpwa ndiye aliyerithi mali ya mjomba. Uislamu ulipoenea miongoni mwao, hasa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, sheria yake ya mirathi, impayo mtoto haki katika mali ya babaye, ilikutana na desturi hiyo, na mabishano ya pande hizo mbili yaliendelea kwa miaka mingi. Hata hivyo, faida moja ya desturi ya kale ilikuwa wazi: yatima wa mama hakukosa pa kwenda. Kulikuwa na nyumba inayomjua hata kabla hajazaliwa.

Lakini historia haitupi tamu bila chungu. Amri ile ile iliyompa mjomba wajibu wa kumlea mpwa ilimpa pia uwezo wa kumtoa. Njaa kubwa zilipoingia katika nchi ya Wamijikenda, kama ile ya miaka ya 1880, wajomba wengine waliwaweka wapwa zao rehani kwa watu wenye nafaka. Kwa desturi rehani hukombolewa: chakula kikilipwa, mtoto hurudi kwao. Lakini deni likikawia, mtoto wa rehani aliweza kuhesabiwa mtumwa. Seyyid Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873. Hata hivyo, katika pwani ya Kenya utumwa wenyewe haukufutwa na sheria hadi mwaka 1907. Kwa hiyo mtoto aliyetolewa nyumba moja kwenda nyingine katika miaka hiyo aliweza kwenda kulelewa, na aliweza kwenda kupotea. Njia ilikuwa moja. Na njiani hapakuwa na mtu aliyesimama kuuliza ni safari ipi kati ya hizo mbili.

Huo ndio upande wa kwanza wa jibu letu. Upande wa pili ni wa mpaka wenyewe.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kugawana nchi ambazo hazikuwa zao. Mstari ulianzia mlango wa mto Umba, ambao hushuka kutoka Usambara na kuingia baharini karibu na Vanga, ukaenda bara kuelekea ziwa Jipe na Kilimanjaro. Wadigo, Wavumba na Wasegeju hawakuulizwa. Mashamba, makaburi na wakwe wa watu wale wale vilibaki pande mbili. Kwa miaka mingi mstari huo haukuwa na uzito mkubwa kwa mwanakijiji. Mtu alivuka kwenda harusini na kurudi. Lakini kila mara wakubwa walipogombana, mstari uligeuka kuwa ukuta. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka upande wa Tanga, na mapigano yakafika hata Gazi. Baada ya vita pande zote mbili zilitawaliwa na Waingereza, na ukuta ukawa mstari tena.

Kisha ukaja uhuru, wa Tanganyika mwaka 1961 na wa Kenya mwaka 1963, na pamoja nao uraia wa namna mbili ndani ya ukoo mmoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Twaisoma miaka hiyo kama habari ya ndege, reli na madeni ya serikali. Lakini fikiri, msomaji, habari yake kwa nyumba iliyo mpakani. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule mpaka ulipofungwa alikuwa ameota meno, na ya mbele yamekwisha kuanza kung'oka, kabla shangazi wa ng'ambo hajaweza kuja kumtazama kwa njia ya halali. Ni kweli kwamba vijia vya vichakani havina mlango wala kufuli. Lakini mtoto apitishwaye kichakani hufika bila karatasi, na asiye na karatasi hukua bila shule ya hakika, bila kitambulisho, na bila nchi ya kumtetea. Watu wa Kwale wameliona jambo hilo kwa macho yao. Wamakonde waliotoka kusini kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa waliishi humo miaka mingi bila uraia, wao na watoto wao, hata wakaenda Nairobi kwa miguu mwaka 2016 kudai haki yao ndipo wakaanza kuandikishwa. Wapemba wa pwani walingoja zaidi, hadi mwaka 2023.

Sasa twaweza kumwelewa yule afisa wa watoto anayekuja katika nyumba yetu ya mfano akiwa na daftari lake. Anauliza mambo yanayomchosha mjomba: cheti cha kifo cha mama ki wapi? Cheti cha kuzaliwa cha mtoto? Ndugu wa baba wamekubali? Ofisi ya ustawi wa jamii ya upande wa pili imeandika nini? Tena anauliza mambo yanayomuudhi bibi: mtoto atalala wapi? Atakwenda shule pamoja na wengine, au atabaki nyumbani kuchunga mbuzi na kubembeleza mtoto mchanga? Bibi huona kama ametukanwa. Lakini maswali hayo ndiyo ambayo hakuna aliyeyauliza wakati wa rehani. Kama mtu mmoja mwenye nguvu angalisimama njiani katika njaa ile, akauliza, "Mtoto huyu anakwenda kwa nani, na ni nani atakayekwenda kumtazama baada ya mwezi?" yamkini wengi wangalirudi makwao.

Dunia nzima imejifunza somo hilo kwa gharama. Baada ya vita vingi vya karne ya 20, watoto wa nchi maskini walichukuliwa kwa maelfu kwenda kulelewa katika nchi tajiri. Wengi walipata wazazi wema. Wengine iligundulika baadaye kwamba walinunuliwa, au kwamba mama zao walidanganywa. Kwa sababu hiyo mataifa yalifanya mapatano huko The Hague mwaka 1993, na Kenya ikajiunga nayo mwaka 2007. Msingi wa mapatano hayo ungalimpendeza bibi yetu: mtoto atafutiwe kwanza nafasi kwa watu wake, kisha katika nchi yake, na ng'ambo iwe ya mwisho. Sheria ya watoto ya Kenya ya mwaka 2001 iliagiza kwamba atakayemwasili mtoto awe amemtunza miezi 3 mfululizo humu nchini kabla ya kupeleka maombi mahakamani. Mwezi wa Novemba 2014 serikali ya Kenya ilisimamisha kabisa wageni kuwaasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara ya watoto. Na sheria mpya ya mwaka 2022 imeitambua pia kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye na wa kumtunza.

Kafala yastahili maelezo kidogo, maana ndiyo inayofahamika zaidi katika nyumba za pwani. Katika Uislamu, kumlea yatima ni ibada kubwa, lakini mlezi hana ruhusa ya kuifuta nasaba yake. Mtoto hubaki na jina la babaye. Hachukui jina la mlezi kana kwamba wazazi wake hawakuwapo. Hana fungu katika mirathi ya mlezi kwa sababu ya kulelewa tu, lakini mlezi aweza kumwachia kwa wasia, usiozidi theluthi ya mali. Sheria za nchi nyingi za Ulaya zilikwenda njia nyingine: zilimfanya mtoto wa kuasiliwa kuwa kana kwamba amezaliwa upya katika nyumba mpya. Kila njia ina hekima yake. Ya pili humpa mtoto usalama wa mali na jina. Ya kwanza humwachia ukweli wa alikotoka. Mtoto wetu wa ng'ambo atakapokuwa mkubwa, atakwenda kuzuru kaburi la mama yake akijua njia.

Je, basi, bibi amekosa? La. Yeye analijua jambo ambalo daftari halilijui: kwamba mtoto wa miaka mitano huhesabu siku kwa namna yake, na kwamba kila mwezi unaopotea mezani mwa karani ni mwezi wa utoto usiorudi. Kuuliza ni haki. Kuuliza kwa uvivu ni dhuluma. Barua inayolala ofisini wiki nne bila kufunguliwa haimlindi mtoto na lolote. Karatasi bila ukoo haiwezi kumbembeleza mtu usiku. Na ukoo bila karatasi, tumekwisha kuona, uliweza kumweka mtoto rehani. Mtoto anahitaji vyote viwili, naye anavihitaji mapema.

Jioni moja mjomba amerudi kutoka ofisini na jibu la kungoja tena, mara hii wiki mbili. Hakusema mengi. Alikaa barazani, akamwita kitindamimba wake, akamwuliza kama amekwisha kukubali kumwachia mgeni nafasi karibu na bibi. Mtoto alifikiri, kisha akajibu kwamba bibi ana pande mbili.

Enyi vijana msomao maneno haya, baadhi yenu mtakuwa makarani, maafisa na mahakimu. Na karibu nyote mtakuwa wajomba, shangazi na walezi. Mkikaa upande wa meza, kumbukeni mkeka uliopimwa upya unaongoja. Na mkikaa upande wa mkeka, kumbukeni watoto wa njaa ile waliopita njiani, wala hapakuwa na wa kuwauliza waendako.