Boila ya kuni ya nje

Boila ya kuni ya nje ni mtambo wa kupasha nyumba joto unaosimikwa uani, ambamo tanuri la kuni limezungukwa na maji yanayosukumwa kwa pampu, kupitia mabomba yaliyofukiwa ardhini, hadi ndani ya nyumba. Hutumika hasa vijijini, katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama Minnesota na Wisconsin, na Kanada. Ingawa huweka moto na majivu mbali na makazi, kasoro yake kubwa ni moshi: maji yakifikia joto lililowekwa, kilango cha hewa hujifunga, kuni zikafuka badala ya kuwaka, na moshi, ukitoka kwenye dohani fupi, hutanda chini hadi kwa majirani. Mwaka 2015 serikali ya shirikisho ya Marekani iliwekea mitambo mipya viwango vya utoaji moshi.