Pensheni Yangambi: kubaki katika nyumba kubwa ao kujenga ndogo?

Yangambi, karibu kilometa 100 kutoka Kisangani ukifuata mto Kongo, ilikua kwa sababu ya utafiti wa kilimo. INEAC iliundwa mwaka wa 1933. Nyuma ikawa INERA. Ndiyo maana nyumba nyingi za matofali pale ni za kazi. Mtumishi anakaa humo, lakini hawezi kuiachia watoto kama urithi.

Basi mzee anayekaribia pensheni asianze na kuhesabu vyumba. Aulize kwanza: nyumba ni ya nani? Kama ni ya kazi, siku moja itaombwa, hata kama ni kubwa namna gani. Nyumba ya vyumba viwili, hata ya poto-poto, kwenye kiwanja chake mwenyewe, inalinda bibi na watoto zaidi.

Kama nyumba kubwa ni yake, apime: watoto wakiisha kuondoka, nani atabaki? Nani atanunua mabati yakitoboka? Kuna chumba cha kupangisha? Wajukuu wakija kusoma, watalala wapi?

Kisha kuna karatasi. Kwa sheria ya 1973, udongo ni mali ya serikali. Haki juu ya kiwanja kilichotolewa na serikali inahakikishwa na certificat d'enregistrement. Karatasi ya chefu haichukui nafasi yake.

Asiuze kabla ya kuongea na bibi na watoto. Na asingoje pesa ya mwisho wa kazi, maana inaweza kukawia. Matofali yachomwe mshahara ungali unaingia.