Posho, Hongo na Deni la Msafara

Siku hizi mtumishi anayetumwa safari huulizia posho yake kabla hajafunga mzigo. Neno hilo limetoka mbali. Katika misafara ya karne ya 19 posho ilikuwa nafaka, aghalabu kibaba kimoja kwa mtu kwa siku, na mpagazi aliyeikosa hakuwa na wa kumpelekea malalamiko. Alitua mzigo akarejea kwao.

Richard Burton na John Hanning Speke walipoondoka Kaole mwezi wa Juni 1857, serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa pauni 1,000. Bara pauni haikununua hata yai. Ilibidi igeuzwe merikani, kaniki, ushanga na waya wa shaba, kisha ifungwe mizigo ya kiasi cha frasila mbili, ambazo ni karibu ratli 70 kwa kila bega. Nguo ilinunua chakula; nguo ililipa hongo. Neno hili nalo leo linanuka rushwa, lakini kwa watemi wa Ugogo lilikuwa ada ya njia, na katika nchi kavu kama ile mgeni alikunywa maji ya wenyewe.

Kazeh, yaani Tabora, waliifikia Novemba 1857, na huko Snay bin Amir aliwakirimu kwa ukarimu ambao haukuingia katika daftari lolote la gharama. Walifika Ujiji Februari 1858, Burton hawezi kutembea kwa homa, Speke haoni vizuri kwa maradhi ya macho. Burton alibebwa kwa machela. Mpagazi aliyepatwa na ndui aliachwa nyuma.

Waliporudi Unguja Machi 1859 ndipo hesabu ilipokwama. Mkuu wa msafara, Said bin Salim, aliyewahi kuwa liwali wa Saadani, alidai ujira alioahidiwa na balozi Atkins Hamerton. Hamerton alikuwa amekwisha kufa, Julai 1857, msafara ukiwa ndio kwanza umeanza. Burton akashikilia kwamba ahadi ilikuwa ya bakshishi kwa utumishi mwema, tena kutoka fedha za serikali, na kwamba watu wale walimtumikia vibaya. Akaondoka bila ya kulipa. Huenda alikuwa na haki katika moja au mawili, kwani wapo waliotoroka. Lakini mtu aliyekwenda hadi Ujiji na kurudi hawezi kuambiwa kwamba aliyemwahidi ameshazikwa.

Balozi mpya, Christopher Rigby, aliiandikia serikali ya Bombay, nayo ikakubali walipwe. Mwaka 1860 Burton alipata karipio kutoka London, akayachapisha majibizano yote mwishoni mwa kitabu chake cha safari hiyo. Mwaka huohuo Speke alirudi Unguja kujiandaa kwa safari nyingine, na mkuu wa msafara aliyemchukua alikuwa Said bin Salim.