Kondoo wa Naivasha na Ulinzi Uliomo Mwilini

Msomaji, kama umepata kusafiri kwa gari kutoka Nakuru kwenda Nairobi, hapana shaka umeliona Ziwa Naivasha likimeta upande wako wa kuume, na milima ya Nyandarua ikisimama upande wa kushoto. Wengi hulitazama ziwa hilo kwa ajili ya viboko na ndege wake, na siku hizi kwa ajili ya mashamba ya maua. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wa ualimu walitazame kwa sababu nyingine. Kando ya ziwa hilo ilianza habari ambayo mwisho wake umewafundisha watu wa dunia nzima namna mwili wa binadamu unavyojilinda na maradhi yaletwayo na mbu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka 1930. Kenya ilikuwa koloni ya Waingereza, na mashamba makubwa kandokando ya ziwa yalikuwa mikononi mwa walowezi, lakini waliolala na kuamka pamoja na mifugo walikuwa wachungaji wa Kiafrika. Katika shamba moja wana-kondoo walianza kufa. Mwana-kondoo aliyezaliwa leo akinyonya vizuri, kesho alikuwa maiti. Majike yenye mimba yaliharibu mimba zao, na mengine yakafa pia. Katika muda wa majuma manne yapata kondoo 4,700 waliangamia, wakubwa kwa wadogo.

Habari zikafika Kabete, kwenye maabara ya matabibu wa wanyama. Mabwana Daubney na Hudson, pamoja na Garnham aliyekuwa daktari wa binadamu, wakaishughulikia. Walipoyapasua matumbo ya wana-kondoo waliona maini yameharibika vibaya. Wakaichuja damu ya mnyama mgonjwa katika vichujio vyembamba mno, ambavyo bakteria hawawezi kupenya, na maji yaliyotoka bado yaliwaua kondoo wazima. Basi mwuaji alikuwa mdogo kuliko bakteria: alikuwa kirusi. Kisha kondoo walipohamishwa wakapelekwa kwenye nyanda za juu, penye baridi na mbu wachache, vifo vikakoma. Jambo hilo liliwaelekeza kwenye mbu. Mwaka 1931 mabwana hao watatu walichapisha habari za ugonjwa huo mpya, na jina la bonde letu likabandikwa juu yake: Homa ya Bonde la Ufa. Ni heshima ambayo hatukuiomba.

Lakini kuna jambo jingine katika habari hiyo, na ndilo ninalotaka ulishike. Wachungaji walipoulizwa, ilionekana kwamba karibu wote walikuwa wameugua siku zile zile: homa ya ghafula, kichwa kuuma, viungo kulegea. Hata wachunguzi wa maabara waliambukizwa. Walilala siku chache, kisha wakainuka. Vitabu vimehifadhi majina ya mabwana watatu wa Kabete; wachungaji vimewaita wachungaji tu, ingawa miili yao ndiyo iliyotoa ushahidi wa kwanza kwamba ugonjwa huu humpata binadamu, na kwamba binadamu aweza kuushinda. Kwa nini mwana-kondoo afe, na mchungaji aliyembeba kifuani ainuke?

Jibu lilichukua miaka mingi, na hatua yake ya kwanza haikutazamiwa na mtu. Mwaka 1937, Findlay na MacCallum, wachunguzi wa Uingereza, waliwadunga nyani kirusi cha homa ya manjano, ambayo nayo huletwa na mbu, na papo hapo wakawatia kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa. Nyani hao walitazamiwa kufa kwa homa ya manjano. Hawakufa. Kirusi kilichotoka Naivasha kilikuwa kimekizuia kile kingine! Virusi hivyo viwili havina udugu, kwa hiyo haikuwezekana kusema kwamba kinga ya kimoja ilikuwa dawa ya cha pili. Kulikuwa na kitu kati yao, kisichoonekana.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1957, kitu hicho kilipatikana. Huko London, Isaacs na mwenzake Lindenmann, mtu wa Uswisi, walichukua ngozi nyembamba ya ndani ya mayai ya kuku na kuitia virusi vya mafua vilivyokwisha kuuawa kwa joto. Kisha wakayachukua maji yaliyozunguka ngozi ile na kuyatia kwenye ngozi nyingine mpya. Ngozi hiyo mpya ikakataa kushikwa na virusi vilivyo hai. Chembe za mwili, yaani seli, zilikuwa zimetoa protini ndani ya maji yale, nao wakaiita intaferoni.

Tangu hapo mambo mengi yamefunuliwa. Chembe ya mwili wako ina protini zenye kazi ya kupeleleza. Zikigusa chembechembe za urithi za kirusi huzitambua kuwa ni za mgeni, na chembe hutoa intaferoni. Hiyo intaferoni haimpigi adui. Yenyewe ni mbiu ya mgambo. Chembe jirani ziisikiapo huanza kutengeneza protini nyingine mamia kadhaa. Moja huitwa MxA: hushikamana na protini inayofunika urithi wa kirusi, ikaizuilia mahali pasipofaa, na kirusi kikashindwa kuzaana. Nyingine huitwa PKR: husimamisha utengenezaji wa protini zote katika chembe iliyovamiwa, kama mwenye nyumba azimaye jiko lake mwenyewe ili mwizi asipate kupika.

Kirusi nacho si mjinga. Kina protini yake iitwayo NSs, ambayo huingia katika kiini cha chembe na kuizuia amri ya kutengeneza intaferoni, tena huiharibu PKR. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba kirusi kilichopungukiwa na NSs hakiwezi kumdhuru panya mzima; lakini panya asiyeweza kuisikia mbiu ya intaferoni huuawa nacho. Basi ushindi ni wa atanguliaye. Nyani waliodungwa kirusi chenye nguvu zake zote, wakatoa intaferoni katika muda wa saa 12 hivi, hawakuugua; waliochelewa ndio waliougua, na wengine wao kufa. Mashindano ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakiendelea ndani ya miili ya wachungaji wa Naivasha, usiku walipokuwa wakitetemeka kwa homa.

Usidhani kwamba binadamu hushinda daima. Wagonjwa wachache hutokwa damu, au hupofuka, au ubongo wao hushikwa. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006 zilipoleta mafuriko, ugonjwa ulizuka kaskazini mashariki ya Kenya, ukaenea, na kufikia Machi 2007 watu 155 walikuwa wamekufa katika nchi yetu. Mwaka 2000 ulikuwa umekwisha kuvuka bahari na kufika Saudia na Yemeni. Kwa mifugo iko chanjo, iliyotokana na kirusi ambacho Smithburn alikipata katika mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Ila haifai kwa majike yenye mimba, kwa sababu huweza kuziharibu.

Na kirusi chenyewe hukaa wapi miaka ya ukame? Uchunguzi uliofanywa karibu na Ruiru na kutangazwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba mbu jike wa aina fulani hukirithisha kwa mayai yake. Mayai hayo hutagwa katika udongo wa mabonde madogo yatuamishayo maji. Yaweza kukaa humo makavu miaka kadhaa, ng'ombe wakikanyaga juu yake, hata mvua ije iyafunike na maji.