Mchezo wa Video na Kioo cha Televisheni

Huenda, msomaji, umepata kukemewa na mzee kwamba michezo ya video itaharibu kioo cha televisheni. Usicheke upesi, kwani onyo hilo lina asili yake.

Mwaka 1972 huko Marekani kampuni ya Magnavox iliuza Odyssey, chombo cha kwanza cha kuchezea michezo katika televisheni ya nyumbani. Televisheni za siku zile zilikuwa na tungi kubwa la kioo, na uso wake umepakwa kwa ndani fosfori, yaani unga unaong'aa unapopigwa na elektroni. Unga huo huchakaa kadiri unavyong'aa. Picha zikibadilika, huchakaa wote sawasawa. Lakini mstari wa katikati ya uwanja na tarakimu za mabao vikikaa pale pale siku nyingi, hapo huchakaa zaidi, na alama hubaki kama kivuli kisichofutika.

Mafundi walilijua jambo hili. Katika chombo cha Atari cha mwaka 1977, michezo mingi ilipoachwa bila mchezaji ilijibadilisha rangi yenyewe, ili kukinga kioo.

Kwa hakika, basi, mwenye kosa ni picha isiyosogea. Nembo ya kituo cha habari, ikikaa pembeni kutwa kucha, yaweza kudhuru vilevile, wala mzee hakemewi! Vioo vya OLED vya leo vingali na udhaifu huo. Katika vile vya LCD kivuli kwa kawaida hutoweka baada ya muda.