Shajara ya Jacob Wainwright na Vita vya Njia ya Kati, 1873–1874



Neno shajara, ambalo leo tunalitumia kwa maana ya daftari la kuandikia mambo ya kila siku, limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni mti. Nimeanza na jambo hili dogo la isimu kwa sababu mtu ninayetaka kumzungumzia aliandika katika vyote viwili. Mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo kusini ya ziwa Bangweulu, alichonga maandishi juu ya mti palipozikwa moyo wa Daktari David Livingstone. Kisha, kwa muda wa miezi tisa, akaandika katika daftari lake habari za msafara uliobeba maiti ya bwana huyo mpaka Bagamoyo. Jina lake ni Jacob Wainwright.

Alikuwa Myao kwa kuzaliwa. Aliwahi kuwa mtumwa, akakombolewa, na akasomeshwa katika shule ya wamisionari huko Nasik, Bara Hindi. Mwaka 1872 alijiunga na kundi la watu wapatao 57 ambalo Stanley alilituma kutoka pwani kumfuata Livingstone aliyekuwa akiwasubiri Unyanyembe. Hakuwa kiongozi wa msafara, kwani uongozi ulikuwa mikononi mwa Abdullah Susi na James Chuma. Jacob alikuwa mtu wa kawaida aliyejua kalamu, na tofauti yake na wenzake ni hiyo tu.

Wengi watauliza: hayo yanahusu nini vita? Jibu liko katika njia yenyewe. Nchi ya Unyamwezi ilikuwa imekwisha kuingia katika vita kabla Jacob hajafika huko. Mwaka 1860 Waarabu wa Tabora walimwondoa Mnywasere katika utemi wa Unyanyembe na kumweka Mkasiwa. Ukoo mmoja ukagawanyika mara mbili, na Mnywasere akapigana akitangatanga mpaka alipouawa mwaka 1865. Jeraha hilo halijapona alipoinuka Mirambo, mtemi wa Uyowa. Mwaka 1871 vita baina yake na Waarabu vilianza, na Tabora ikashambuliwa. Vitabu vingi huviita vita vya Mirambo na Waarabu, kana kwamba Wanyamwezi walikuwa watazamaji. Kwa maoni yangu jina hilo linapotosha. Mkasiwa na watu wake walikuwa upande wa Waarabu, Wanyamwezi wengine walikuwa upande wa Mirambo, na rugaruga waliokuwa wakivizia njiani walikuwa watoto wa nchi hiyo hiyo. Hivyo vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa mfanyabiashara wa pwani alikuwa na mkono wake ndani.

Athari yake haikuishia Tabora. Njia ya Ujiji ilifungwa, na Stanley alilazimika kuzunguka kusini. Bidhaa zilikwama. Na misafara yote, ya kwenda na ya kurudi, ililazimika kupita Ugogo, yaani katika uwanda huu tulipo. Upande wa mashariki kuna Marenga Mkali, upande wa magharibi kuna Mgunda Mkali, nyika mbili zenye uhaba wa maji. Katikati ndipo palipokuwa na visima, mtama, ng'ombe na watemi waliodai hongo. Wasafiri wa Ulaya waliitukana hongo hiyo kuwa ni unyang'anyi. Lakini mwenye kisima katika nchi kavu ana haki gani iliyo kubwa kuliko kisima chake? Mnyapara aliyelipa merikani na ushanga alijua vizuri kwamba alikuwa akinunua maji na usalama.

Oktoba 1873 msafara ulikaribia Unyanyembe ukiwa na njaa. Jacob akaandika barua kwa Kiingereza, akimwelekea Oswell, mwana wa Livingstone, kwa kuwa walisikia kwamba yumo katika msafara wa Waingereza uliokuwa ukija. Chuma akatangulia nayo. Aliyeipokea ni Luteni Cameron, kwani Oswell hakuwako. Cameron akawashauri wazike maiti hapo hapo, maana kusafiri na maiti katika nchi yenye vita na watu wanaochukia mizoga ya wageni kupita mashambani mwao ni hatari. Wakakataa. Hapo wapagazi walimkatalia afisa wa jeshi la majini la Uingereza, na hakuwa na la kufanya.

Huko Kasekera walitumia hila. Walitangaza kwamba maiti inarudishwa Unyanyembe, wakatengeneza mzigo wa uongo na kuupeleka nyuma kwa heshima zote za mazishi. Maiti yenyewe ikafungwa upya kama robota la nguo, ikapita na bidhaa nyingine. Kwa hali hiyo Ugogo ulipitwa, na mwezi Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Sasa tuiangalie shajara yenyewe. Mwaka huo huo wa 1874 ilitolewa kwa tafsiri ya Kijerumani katika jarida la kijiografia la Petermann. Daftari lenyewe la Kiingereza limehifadhiwa Blantyre, Scotland, alikozaliwa Livingstone, na mwaka 2019 lilichapishwa katika intaneti. Hiyo ni miaka mia na arobaini na mitano ya kungoja.

Nisiwadanganye wanafunzi: anayeitafuta humo sauti ya Mwafrika akiwatetea Waafrika atapata uchungu. Jacob anawatazama wenyeji kwa jicho la misheni, na mara nyingine kwa dharau. Aliandika kwa lugha ya shule yake. Walipokuwa wakizungumza kuhusu chumvi, mizigo na woga wao, watu wa msafara walitumia Kiswahili, na Kiswahili hicho hakimo daftarini. Hapa ndipo ninapoona tatizo kubwa la historia yetu. Aliyeandika siku kwa siku aliandika kwa lugha ya mbali. Walioandika kwa Kiswahili, kama Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, na Selemani bin Mwenye Chande ambaye habari ya safari yake ilitolewa na Velten mwaka 1901, walisimulia baadaye, mambo yakiwa yamekwisha kupangwa na kumbukumbu.

Susi na Chuma nao walisimulia, kupitia kwa Horace Waller. Katika masimulizi yao yumo msichana mdogo, Losi, aliyekuwa akitembea na mtungi wa maji kichwani. Nyoka akatokea njiani, akamuuma pajani, na mtoto akafa baada ya dakika chache. Hakuna tunachojua zaidi juu yake. Hata hivyo, kwangu mimi habari hiyo inafundisha hali ya misafara ya wakati wa vita kuliko orodha za hongo: walikuwamo watoto, na walibeba.

Wagogo nao walikuwa na njia yao ya kuhesabu nyakati. Njaa kubwa zilipewa majina, na mtu alitaja kuzaliwa kwake au ndoa yake kwa jina la njaa. Mtunya, ile iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ingali inakumbukwa. Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma, alipotoa kitabu chake cha historia ya Wagogo mwaka 1954, alikusanya mapokeo ya wazee wa nchi hii. Mtafiti atakayeweka daftari la Jacob upande mmoja na mapokeo hayo upande wa pili ataona msafara kwa macho ya anayepita na nchi kwa macho ya anayepitiwa. Kazi hiyo inahitaji mtu ajuaye Kigogo, Kiswahili na Kiingereza, na watu wa namna hiyo wamo humu ukumbini.

Jacob alisindikiza maiti mpaka London, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza katika kanisa la Westminster. Susi na Chuma hawakuwako; waliitwa baadaye. Kisha akarudi Afrika, akafanya kazi huku na huko. Alifariki mwaka 1892 akiwa Urambo, mji wa Mirambo.